"Viza ya Uingereza imefutwa, siku hizi ni ETA ya simu": jibu kwa mama wa Ngamiani

Swali: "Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa miaka 58, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nina duka la khanga na vitenge. Binti yangu ameolewa na Mwingereza, wanaishi Leicester, na in shaa Allah atajifungua mwezi wa kumi na moja. Anataka niwe naye mpaka atoke arobaini, kwa hiyo nitakaa kama miezi miwili. Kuna kijana ana stationery karibu na duka langu, ameniambia Uingereza wamefuta viza, siku hizi ni ETA tu, inajazwa kwenye simu na inatoka ndani ya siku tatu. Anataka nimpe 850,000. Amesema pia nitafute milioni kumi niweke benki, hata za kuazima, zikae wiki mbili. Na kwamba nisitaje kuwa mwaka 2018 niliomba viza ya Ujerumani kwenda kumwona mdogo wangu nikanyimwa. Pasipoti ninayo, niliitoa 2021, nimeenda nayo Mombasa tu. Nina presha lakini natumia dawa. Binti yangu anasema nisimpe mtu pesa mpaka niulize. Je, nimpe? Na kama si kweli, nifanyeje nimuwahi mwanangu?"

Waalaykumu ssalaam mama, na Mungu amjalie binti yako ajifungue salama. Usimpe huyo kijana pesa. ETA, yaani idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, ipo kweli, hakuitunga yeye, ila si ya mtu mwenye pasipoti ya Tanzania. Wewe unahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, na kwa hayo uliyonieleza una haki kabisa ya kuiomba kwa jina lako na kwa maneno ya kweli. Muda bado unao, alimradi usiupoteze kwa kupita njia za mkato. Tiketi usikate bado.

Najua swali la viza ni nusu tu ya linalokusumbua. Unaogopa usije ukafika mwanao keshamaliza arobaini peke yake ugenini, na unaogopa ile karatasi ya Ujerumani ya 2018 isije ikakufungia mlango kwa mara ya pili. Nitayajibu yote mawili. Kwanza tuiweke sawa hii habari ya ETA, maana nimeulizwa na watu wengi sana na kila mmoja kaisikia kwa namna yake.

Chukua mpaka unaoujua mwenyewe. Ukipanda basi pale Kange kwenda Mombasa, mkifika Horohoro unatoa pasipoti yako, unagongewa mihuri, unarudi kwenye basi. Sasa fikiria mkwe wako amekuja kututembelea, amekaa kiti cha pembeni yako na pasipoti yake ya Uingereza. Yeye hapiti hivyo. Tangu Januari 2024 Kenya inamtaka awe ameomba idhini mtandaoni kabla ya safari, na jina la idhini hiyo ni hilohilo, eTA. Wewe huombi, kwa sababu raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wamesamehewa. Basi ni lilelile na mpaka ni uleule, lakini mama mkwe anapita na mkwe anaulizwa idhini. Kinachoamua ni pasipoti uliyoishika mkononi. Wanaouza "ETA ya Uingereza" mitaani hulificha hilo: wanakutajia nchi unayokwenda, hawakuulizi wewe ni raia wa nchi gani.

Uingereza mambo ni kinyume chake. Kuna mataifa ambayo raia wake kwa miaka mingi waliingia Uingereza kwa matembezi bila viza. Mtu alikata tiketi tu, akapanda ndege, na mara ya kwanza kuulizwa lolote ilikuwa keshatua. Serikali nyingi zikaona hatari katika hilo, zikataka kuwajua watu hao kabla hawajapanda ndege. Marekani ilifanya idhini yake iitwayo ESTA kuwa lazima Januari 2009. Canada ikafuata mwaka 2016. Uingereza ilianza na raia wa Qatar Novemba 2023, ikaongeza Wamarekani, Wakanada, Waaustralia na wengineo tarehe 8 Januari 2025, kisha raia wa nchi za Ulaya tarehe 2 Aprili 2025. Umoja wa Ulaya nao unaandaa ya kwao, inaitwa ETIAS.

Kwa hiyo ETA ni mzigo mpya waliotwishwa watu ambao zamani hawakuwa na mzigo wowote. Haikuja kumpunguzia anayeomba viza. Mtanzania yumo katika orodha ya mataifa yanayohitaji viza hata kwa matembezi ya siku moja, na sisi tunachunguzwa kabla ya safari kwa njia ya hiyo viza yenyewe. Habari iliyotoka London ilisema "wasiohitaji viza sasa wataomba ETA". Ilipofika mtaani kwetu ikawa "viza imefutwa, ni ETA tu". Maneno yanakaribiana, lakini anayeyafuata hayo ya pili hulala uwanja wa ndege.

Na ETA ya kweli uijue ilivyo, usije ukaonyeshwa ya bandia ukaamini. Huombwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, au kwenye programu yake ya simu. Mwanzo ilikuwa pauni 10, ikapanda hadi pauni 16 mwezi Aprili 2025, kiasi ambacho kwa pesa yetu hakifiki hata laki moja. Haina karatasi ya kubeba, inaunganishwa na namba ya pasipoti ndani ya mfumo. Mwenye pasipoti ya Tanzania si mtu wa kuiomba, basi hata huyo kijana awe fundi namna gani, hana pa kuipitisha. Akikuletea karatasi yenye bendera, mhuri na mraba wa kuskani, ujue ameichapa dukani kwake.

Baba mmoja wa huku kwetu alinijia ofisini na karatasi ya namna hiyo, ya rangi, imelaminishwa vizuri. Alikuwa ametoka Dar es Salaam usiku ule ule. Begi lake lilikuwa bado limezungushiwa kamba ya katani kama alivyolifunga nyumbani, halijafunguliwa. Alikuwa amefika mpaka kaunta ya ndege, dada wa pale akaingiza namba ya pasipoti kwenye kompyuta, akaingiza tena, kisha akamwambia, "Baba, huna ruhusa ya kuingia." Alimwonyesha karatasi yake, dada hakuipokea hata kuisoma. Wala hakumfanyia ubaya. Sheria ya Uingereza inaruhusu kampuni ya ndege kutozwa pauni 2,000 kwa kila abiria inayempeleka bila hati sahihi, kwa hiyo mpaka wa Uingereza kwa kweli unaanzia pale kaunta, Dar es Salaam. Tiketi yake ilikuwa ya bei nafuu, isiyorudishwa pesa.

Sasa mama, kuna jambo katika maelezo yako lililonishtua kuliko hiyo bei. ETA haiulizi akaunti ya benki, haihitaji stetimenti. Kwa nini basi kijana anayesema ni ETA tu anataka uazime milioni kumi uziweke benki? Anayehitaji stetimenti ni mwombaji wa viza. Nadhani, na naomba niwe nimekosea, huyu anataka kujaza fomu ya viza kwa jina lako bila kukwambia kuwa ni viza. Fomu hiyo mwishoni ina tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na atakayebonyeza kukubali kwa niaba yako ni yeye. Ukweli ukijulikana, yeye atabaki na stationery yake, jina litakaloandikwa kwenye kumbukumbu ni lako. Adhabu ya kudanganya au kuwasilisha hati za uongo katika maombi ya viza ya Uingereza ni maombi kukataliwa na kufungiwa kwa miaka 10. Leo una 58. Hesabu mwenyewe mjukuu atakuwa darasa la ngapi.

Ndiyo maana habari ya 2018 nakuomba uitaje. Fomu inauliza wazi kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, si Uingereza peke yake. Kunyimwa kwenyewe si kosa. Watu wengi waliowahi kunyimwa wamepata viza baadaye, kwa sababu hali zao zilibadilika au walieleza vizuri zaidi. Kosa ni kuficha. Afisa akikuta umeficha, swali lake linahama kutoka "mama huyu atarudi kwao?" na kuwa "mama huyu anasema kweli?", na hilo la pili ukishalipoteza, duka na nyumba na mjukuu havikusaidii tena. Andika tu: mwaka 2018 niliomba viza ya Ujerumani kumtembelea mdogo wangu, nikakataliwa kwa sababu fulani, na tangu hapo hali yangu imekuwa hivi na hivi. Kama ile barua yao bado unayo, itafute. Ni fomu yenye vijisanduku, na kilichowekewa alama ndicho kinachosema sababu.

Tuje kwenye viza yenyewe. Inaitwa viza ya kawaida ya mgeni, inakuruhusu kukaa hadi miezi sita, na tangu Aprili 2025 ada yake ilikuwa pauni 127, ambayo ni laki nne na kitu kwa pesa yetu. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo siku ya kulipa tazama bei kwenye gov.uk na si kwenye kinywa cha mtu. Ukinyimwa hairudi.

Afisa atakayeamua hatakuita umweleze. Hatakuona uso, hajui Ngamiani iko wapi, hajui kwamba mtu mwenye fremu ya duka Tanga hawezi kuiacha miezi sita akaikuta. Anasoma karatasi tu. Kanuni anayoitumia kwa wageni ina kifungu, V 4.2, ambacho utakikuta kwenye barua nyingi za kunyimwa. Kinamtaka ajiridhishe kwamba utaondoka mwisho wa matembezi, kwamba hugeuzi matembezi kuwa makazi kwa kwenda na kurudi, kwamba unakwenda kweli kwa ulichokisema, kwamba hutafanya yaliyokatazwa kama kazi ya kulipwa, na kwamba fedha za safari zipo bila wewe kufanya kazi wala kutegemea misaada ya serikali yao. Sisi Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Afisa anataka kusoma kitu cha namna hiyo katika karatasi zako: huyu anakuja, na ana pa kurudi.

Kwenye fedha ndiko watu wengi huharibu. Hakuna kiasi kilichowekwa na kanuni, si milioni kumi wala milioni mbili. Afisa hutazama mwenendo. Akaunti ya mama mwenye duka huingia laki mbili leo, inatoka laki na nusu ya mzigo kesho, mwezi wa Ramadhani inavimba kwa sababu watu wananunua za Idi, baadaye inapoa. Huo mwenendo una maana, unasema mtu huyu anafanya biashara. Ghafla siku moja inaingia milioni kumi, haiguswi, na wiki mbili baadaye maombi yanatumwa. Hata mtu asiyeijua Tanga anaiona hiyo. Anauliza zimetoka wapi, na wewe huna jibu la kweli la kumpa. Milioni kumi za kuazima zitakushusha, hazitakupandisha.

Fanya hivi badala yake. Kama binti na mkwe ndio watakaogharimia tiketi na kukulaza, semeni hivyo waziwazi, inaruhusiwa. Wao watoe barua, hati za mishahara, stetimenti za miezi kadhaa, uthibitisho wa nyumba wanayokaa, na uthibitisho wa hadhi yao ya kuwa Uingereza. Cheti cha kuzaliwa cha binti yako ambatanisha, ndicho kinachosema wewe ni mama yake. Upande wako, onyesha maisha yako kama yalivyo: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na risiti za TRA, mkataba wa pango la fremu, stetimenti ya benki, na ya miamala ya simu kama wateja wako hulipa kwa simu. Kama upo kwenye kikoba, barua ya viongozi wa kikoba inayosema wewe ni mwanachama tangu lini na zamu au hisa zako zikoje, nayo ni ushahidi, ingawa watu huidharau. Nyumba kama ni yako, onyesha hati au chochote ulicho nacho. Andika pia nani atashika duka ukiwa huko. Sentensi hiyo moja watu huisahau, na mimi huiona ina uzito, maana duka lililofungwa na duka lililoachiwa mtu ni habari mbili tofauti.

Barua ya serikali ya mtaa ni nzuri, lakini imeandikwa Kiswahili. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza au Kiwelshi lazima iambatane na tafsiri kamili, na mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Tafsiri isiyo na hayo huhesabiwa kama haipo.

Sasa neno la kuliangalia sana: "kulea". Nimeona barua za mwaliko zinazosema, "mama anakuja kunilelea mtoto ili nirudi kazini." Binti hana nia mbaya, ndivyo tunavyosema nyumbani. Lakini machoni pa afisa, mtu anayekuja kulea mtoto ili mzazi akafanye kazi anaanza kufanana na yaya. Maelekezo yao yenyewe yanaruhusu ndugu kuja kuangalia mtoto kwa muda mfupi, mradi isiwe ni ajira ya ulezi. Na wewe huendi kuajiriwa. Unakwenda kuwa na mwanao anapojifungua, kumkanda, kumpikia uji, na kumpokea mjukuu, kisha unarudi dukani. Waandike hivyo hivyo. Waeleze hata arobaini ni nini, sentensi mbili zinatosha, kwamba katika desturi yetu mama mzazi hukaa na binti yake siku arobaini baada ya uzazi. Hiyo inaeleza kwa nini miezi miwili na si wiki mbili, swali ambalo afisa lazima alijiulize. Nasisitiza sikuambii ulipambe. Ukweli wako ni mzuri, tatizo ni kwamba watu huuandika kwa maneno yanayowageukia.

Kuhusu muda, maombi huruhusiwa kutumwa kuanzia miezi mitatu kabla ya tarehe ya kusafiri, na uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu tangu siku ya kutoa alama za vidole. Ukitaka kuondoka mwishoni mwa mwezi wa kumi, mwanzo wa mwezi wa tisa uwe umetuma. Kuna huduma ya haraka ya siku tano za kazi, ila ni pauni 500 juu ya ada, na kwa mtu mwenye muda kama wewe hiyo pesa heri ikanunue vya mtoto. Fomu ni ya Kiingereza, iko mtandaoni, na hakuna sababu ya kumlipa mtu wa mtaani kuijaza: binti yako anaweza kuijaza akiwa Leicester, wewe ukiwa kwenye simu unamjibu swali kwa swali, na ada akailipa kwa kadi yake. Ninachokuomba ni kwamba kabla hajatuma, akusomee yote kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Tamko ni lako hata kama vidole vilivyochapa ni vyake. Safari zako za Mombasa pia zitajwe, zinaonyesha mtu anayetoka na kurudi.

Alama za vidole na picha hutolewa Dar es Salaam, kwenye kituo cha kupokea maombi utakachokichagua ukimaliza fomu, kwa miadi. Kwa hiyo panga kulala Dar usiku wa kabla, usitegemee basi la alfajiri. Na mama, hina. Ikiwa kuna harusi ya jirani wiki hiyo, usipake ncha za vidole, hina wala piko. Mashine inasoma mistari ya ngozi, na vidole vilivyopakwa au vyenye majeraha vinaweza kukurudisha nyumbani na kusubiri miadi mingine. Mtandio wako baki nao, wanaruhusu kwa sababu za dini, mradi uso wote uonekane.

Siku hizi Uingereza inaachana na ile stika iliyobandikwa ndani ya pasipoti, inahamia kwenye viza ya kielektroniki. Ukipata jibu la ndiyo, soma barua kwa makini uone viza yako ni ya aina gani na kama kuna akaunti ya kufungua mtandaoni. Binti akusaidie kuhakikisha namba ya pasipoti iliyoandikwa ni ya hii unayoibeba. Pasipoti yako ya 2021 inakwenda mpaka 2031, hapo huna wasiwasi.

Presha yako isikuzuie, lakini usiipuuze. Bima si sharti la viza hii, tofauti na viza ya nchi za Schengen, yaani za Ulaya kama Ujerumani, ambako ni lazima, ila hospitali za umma za Uingereza humtoza mgeni wa matembezi asilimia 150 ya gharama kwa matibabu mengi, na deni la kuanzia pauni 500 likibaki linaweza kuleta shida kwenye viza ijayo. Kata bima. Beba dawa za kutosha safari nzima, kwenye pakiti zake, na cheti cha daktari, uziweke kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye begi kubwa.

Nikupe na ubaya wake, maana sipendi kumpa mtu matumaini ya bure. Unaweza kufanya yote haya ukanyimwa. Kwa viza ya mgeni hakuna rufaa ya kawaida, kinachobaki ni kuomba upya kwa ada mpya, na kuomba upya na karatasi zilezile ni kutupa pesa. Likitokea, soma sababu, uone ni pengo gani linaweza kujazwa kweli. Kama hakuna, au kama muda wa uzazi umeshapita, wao ndio waje. Mkwe na mtoto, ikiwa mtoto atakuwa na pasipoti ya Uingereza, watahitaji viza ya Tanzania, ambayo kwa raia wa Uingereza ni dola 50 kwa kuingia mara moja na huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Si sawa na wewe kuwepo siku ya kwanza. Lakini binti anaweza kuja akapumzika kwa mama yake mtoto akishachangamka, na wapo niliowaona wakifanya hivyo wakaridhika.

Mambo machache yanahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ikiwa barua ya 2018 inataja hati za uongo, au ikiwa uliwahi kupitiliza muda popote, usitume chochote kabla hujamwona anayejua. Binti yako huko aliko anaweza kutafuta mshauri kwenye rejista ya Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji Uingereza, na kwa mambo hayo inafaa kulipia. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa hapa Tanga ni kwa mambo ya pasipoti yako, viza ya nchi nyingine hawatoi wala hawaiharakishi, kwa hiyo mtu akikwambia "nina mtu wangu Uhamiaji" achana naye. Na kama ulishamwachia huyo kijana nakala ya pasipoti au malipo ya mwanzo, mwombe arudishe mbele ya shahidi. Akikataa, nenda polisi na meseji zake ukiwa nazo kwenye simu, usizifute.

Leo jioni mpigie binti, mwambie ni viza, si ETA, aanze kukusanya karatasi za upande wao na aandike rasimu ya barua ya mwaliko. Wewe anza na benki na serikali ya mtaa. Zikishafika, pitia ofisini kwangu kabla fomu haijatumwa tuzisome pamoja, na uje na ile barua ya Ujerumani, hata kama imekunjika au imeliwa na mende pembeni.